Jembe Siku ya Kwanza

Jumanne kabla ya jua kuchomoza, seva yangu ndogo inayokaa chini ya meza ya cherehani ya Mama iliniandikia ujumbe wa mstari mmoja: diski ya pili ina sekta 8 zinazosubiri. Kufikia saa mbili asubuhi zilikuwa 56. Saa sita mchana ZFS, mfumo unaotunza mafaili yetu, ulikuwa umeiondoa diski hiyo kazini, na kila kitu tulicho nacho kikabaki mikononi mwa diski moja.

Sekta inayosubiri ni mahali ambapo diski ilijaribu kusoma ikashindwa. Bado haijui kama pamekufa au palikwaruza mara moja tu, kwa hiyo inapawekea alama na kungoja. Pakiandikwa upya pakakubali, alama huondoka. Pakikataa kabisa, diski huchukua kipande kingine kutoka akiba yake na kupahama. Sekta chache zilizotulia mtu anaweza kuzivumilia huku akizitazama. Zinazopanda kutoka 8 hadi 56 kati ya alfajiri na kifungua kinywa ni mgonjwa anayeaga.

Mama alinikuta nimeinama chini ya meza yake. Haelewi habari za sekta, wala sioni sababu ya kumchosha nazo. Aliuliza jambo moja tu: "Picha za baba yako ziko?"

"Ziko, Mama."

Baba alikuwa mpiga picha. Studio yake ilikuwa chumba kimoja karibu na soko la Kibuye, chenye stuli, taa mbili, pazia lililochorwa ziwa na mitende, na koti jeusi lililoning'inia nyuma ya mlango kwa ajili ya wateja wasio na koti. Jumapili, siku ambayo soko hilo hufurika, foleni ilifika barabarani. Tangu 1979 hadi macho yalipomkatalia 2006, kila filamu aliyopiga aliipa nambari na kuiandika katika daftari kubwa la jalada gumu: nambari, tarehe, nani, ameketi au amesimama. Mwanzoni mwa 2008, maduka mengi ya mjini Kisumu yalipochomwa, negativu zake ziliokoka kwa sababu alizoea kuzileta nyumbani Manyatta na kuziweka chini ya kitanda.

Ziliokoka moto, lakini hazikuokoka hewa ya ziwa. Filamu za asetati zikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu huanza kunuka siki, kisha hujikunja, kisha utando unaobeba picha hupasuka na kubanduka. Nyingine huliwa na ukungu. Baba alipofariki nilifungua visanduku vile na harufu ya siki ikanipiga usoni, na nikajua kwamba nina miaka michache tu. Nikanunua skana iliyotumika na kuanza. Mpaka leo nimeingiza fremu zaidi ya 20,000. Fremu moja ya rangi, nikiisoma kwa nukta 3,200 kwa inchi, hula takriban megabaiti 80. Jumla imefika terabaiti 1.7. Baadhi ya negativu nilizozisoma mwaka wa kwanza hazipo tena. Faili ndilo limebaki kuwa picha yenyewe.

Na picha hizi zinafanya kazi. Kwetu huku mtu akifariki familia huchapisha programu ya mazishi, na ukurasa wa mbele ni wa sura yake. Wazee wengi wa Manyatta, Kondele na Nyalenda waliwahi kupigwa picha nzuri mara moja tu maishani, na aliyewapiga ni Baba. Ndiyo maana watu hubisha mlangoni kwetu.

Kabla ya kufikiria diski mpya, nilifanya jambo ambalo ningemsihi kila mwenye seva nyumbani alifanye kwanza. Diski mbili zinazoakisiana si bekapu. Ukifuta picha kwa bahati mbaya, zote mbili zinaifuta papo hapo. Radi ikipita kwenye nyaya, inazipiga pamoja. Bekapu yangu ya kweli ni diski ya nje inayokaa Kakamega kwa dada yangu, nayo nilikuwa nimeihuisha wiki tatu nyuma. Kwa hiyo kilichokuwa hatarini kweli ni fremu kama 400 za wiki tatu. Nilizinakili kwenye diski ndogo ya mkononi, nikazihakiki, nikaichomoa, nikaitia kabatini. Hapo ndipo moyo wangu ulipotulia kiasi cha kuweza kununua kitu kwa akili.

Kununua nako kuna mitego. Wa kwanza ni aina ya uandishi. Diski za SMR huandika njia za data zikipandana kama mabati ya paa: ukitaka kubadilisha bati la chini, huna budi kuinua la juu yake na jirani zake. Kwa kuhifadhi vitu na kuviacha zinafaa, lakini kwa kujenga upya seti ya diski, ambapo diski mpya inaandikwa mfululizo kwa saa nyingi, hulemewa na kujikokota, na mfumo unaweza kuidhania imekufa. Mwaka 2020 ilibainika kwamba baadhi ya diski za WD Red za terabaiti 2 hadi 6, zilizouzwa kwa ajili ya seva za nyumbani, zilikuwa za SMR bila mnunuzi kuambiwa. Kampuni ya WD ilikuja kuorodhesha modeli zake wazi, na za CMR, ambazo njia zake hazipandani, zikapewa jina la Red Plus. Tangu hapo situmi hela kabla ya kusoma nambari kamili ya modeli, herufi kwa herufi.

Mtego wa pili ni diski iliyotumika iliyovalishwa upya. Mwanzoni mwa 2025 Ulaya iligutuka kukuta diski za Seagate zilizofanya kazi maelfu ya saa zikiuzwa kama mpya, rekodi yake ya SMART, ambamo diski hujiandikia afya yake, imerudishwa sifuri. Waliozitambua walitazama kumbukumbu nyingine ya ndani iitwayo FARM, ambayo wadanganyifu hawakuigusa. Mimi sina ugomvi na vitu vya ex-UK, skana yangu ni mojawapo, mradi niambiwe ukweli. Mitumba ninunue kama mitumba.

Nilichagua Seagate IronWolf ya terabaiti 4, ya CMR, kutoka kwa muuzaji wa Nairobi niliyemlipa kwa M-Pesa. Nilimwomba aifunge kwa povu pande zote sita, si gazeti. Diski iliyozimwa, vichwa vyake vikiwa vimeegeshwa, huvumilia mishtuko mikubwa kuliko inayozunguka, ila barabara ya kuja huku ina matuta mengi na makuli wa basi wana haraka. Jumatano asubuhi nikaipokea steji.

Mpwa wangu, ambaye yuko kidato cha tatu na hukaa nasi wakati wa likizo, alikuwa ameshaandaa bisibisi. "Anko, si ni mpya? Tuichomeke tu. Ile nyingine imebaki peke yake."

Hoja yake ilikuwa na uzito, na nilitaka aelewe kwa nini sikuifuata. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Diski mimi naipa jembe ikivuka kizingiti. Vifaa vya aina hii hufa zaidi vikiwa vichanga na vikiwa vizee. Yenye kasoro ya kiwandani, au iliyoumizwa njiani, mara nyingi huianika kasoro hiyo katika saa zake za mwanzo za kazi nzito. Kuijenga upya seti yetu ni kazi nzito, tena inailazimisha diski ile moja iliyobaki isomwe data yake yote, kila picha. Sitaki kuisumbua kwa ajili ya mgeni ambaye huenda akaanguka katikati ya safari, kisha niisumbue tena kwa ajili ya mgeni wa pili. Bora iketi kimya siku nne, bekapu ikiwa salama, mgeni akitoka jasho kwenye mashine nyingine.

Nilimsomea pia utafiti wa Google wa mwaka 2007, uliofuatilia diski zaidi ya 100,000. Diski iliyopata kosa lake la kwanza la ukaguzi ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyo nalo. Lakini zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha dalili yoyote kati ya zile nne kubwa za SMART. Mambo hayo mawili huyashika pamoja: dalili ikitokea, iamini, isipotokea, usilale. Ripoti safi ya SMART ya diski ambayo haijafanya kazi haisemi lolote.

Mashine ya majaribio ni kompyuta ya mezani ya zamani, haina diski nyingine ndani, inawashwa kwa flash. Hili nalishikilia kuliko yote. Programu ya badblocks nikiipa ruhusa ya kuandika hufuta kila kitu kwenye diski niliyoitaja, na Linux huzipa diski majina kama sda na sdb yanayoweza kubadilishana ukiwasha mashine upya. Kwenye seva yenye diski moja tu iliyobaki, herufi moja ya makosa ingemaliza kazi ya Baba yote. Pasipokuwa na diski nyingine, hapana cha kukosea. Hata hivyo nilimtaka mpwa wangu anisomee kwa sauti nambari iliyo kwenye lebo, nami nikiifuata kwenye skrini, tarakimu moja moja, kabla ya kubonyeza.

Ripoti ya kwanza tuliisoma kabla ya kuandika chochote. Saa za kazi: 0. FARM ikasema vilevile. Sekta zilizohamishwa, zinazosubiri, zisizosomeka: 0, 0, 0. Idadi ya sekta: 7,814,037,168 za baiti 512, sawasawa na ile ya zamani, maana mbadala wenye sekta pungufu unaweza kukataliwa hata kama boksi limeandikwa terabaiti zilezile. Tukafanya jaribio fupi la dakika chache, kisha la usafirishaji lililobuniwa kutafuta madhara ya njiani, kisha refu, ambalo huisoma diski yote. Hilo lilikula takriban saa nane.

Jumatano saa mbili usiku nikaanzisha badblocks. Inaijaza diski yote mchoro mmoja, kisha inairudia kuisoma ione kama kilichoandikwa ndicho kilichopo. Michoro ni minne: moja na sifuri zikipishana, kinyume chake, moja tupu, sifuri tupu. Kuandika mara nne, kusoma mara nne. Kwa wastani wa megabaiti 150 kwa sekunde, kuipitia diski ya terabaiti 4 mara moja ni saa saba na nusu hivi, na mara nane ni karibu saa 60. Hakuna njia ya mkato ninayoijua yenye thamani. Mkato ni kutopima.

Alhamisi mchana, joto la Kisumu likiwa limekolea, diski ilipanda hadi nyuzi 47. Watengenezaji huruhusu zaidi ya hapo, lakini mimi sipendi. Nikafungua ubavu wa mashine na kuielekezea feni ya mezani. Ikashuka hadi 38 na kubaki hapo. Mchoro wa kwanza ulikuwa umeisha bila kosa. Nilipoisoma SMART upya nikaona namba 199 imetoka 0 hadi 14.

Mpwa wangu alinitazama usoni kabla ya kuitazama skrini. Nikamwonyesha tofauti. Namba 5, 197 na 198 huzungumzia sahani yenyewe, ile inayobeba data ndani ya diski. Namba 199 huhesabu data iliyoharibika ikiwa safarini kati ya diski na kompyuta, na mara nyingi mwenye hatia ni kebo. Ingekuwa kwenye seva, katikati ya ujenzi upya, makosa hayo yangefanana na diski mbovu na ningeweza kumrudishia muuzaji kitu kizima. Tukazima, tukatupa kebo ile ya zamani, tukaweka nyingine, tukaendelea na michoro mitatu iliyobaki. Namba hiyo haishuki kamwe, nasi hatukutaka ishuke. Tulitaka ibaki 14. Ikabaki.

Alasiri ileile mama mmoja wa Nyalenda alibisha. Mumewe alikuwa amefariki Jumatatu. Alisema walipigwa picha kwa Baba mwaka waliooana, 1987, na kwamba nakala yao ilipotea mafuriko yalipoingia nyumbani. Mama alimkaribisha, akampa chai, akatoa daftari. Wakapekua pamoja taratibu mpaka filamu namba 388: "Bwana na bibi, wamesimama, koti la studio." Nilijua bila kwenda kutazama kwamba ukanda wa 388 uliliwa na ukungu, niliutupa mwenyewe. Nikaenda kwenye seva na kuiomba diski ile moja faili moja. Ikatoa. Kijana mwembamba ndani ya koti pana mabegani, mkono umeshika mkono wa mkewe chini kidogo, mahali walipodhani kamera haifiki. Yule mama alikaa na skrini muda mrefu. Akasema, "Hilo koti hakutaka kulivua." Nikamchapia, na nikampa faili kwenye simu ya mwanawe kwa ajili ya programu.

Usiku ule nililala karibu na mashine.

Ijumaa saa kumi alasiri mvua ya ngurumo ikaja kutoka ziwani kama zinavyokuja huku, upepo kwanza, kisha giza, na stima ikapotea mchoro wa tatu ukiwa katikati. UPS yangu, betri inayoshika kazi stima ikipotea, haiwezi kubeba mashine mbili, na uamuzi nilikuwa nimeshaufanya siku ya kwanza: ni ya seva. Seva ikazimwa kwa utaratibu, mashine ya majaribio ikakatika palepale. Umeme uliporudi saa moja jioni sikuanza mwanzo. Badblocks hukubali kuambiwa michoro ya kutumia, nikaipa miwili ya mwisho. Diski iliamka kama iliyokatizwa usingizi, namba zake zilezile. Kukatikiwa umeme katikati ya maandishi ni mtihani ambao nisingempa mgeni kwa makusudi, lakini sasa najua jinsi alivyoupokea.

Jumapili usiku wa manane sifuri za mwisho zilisomwa zote. Makosa: 0. Jaribio refu la pili likaisha asubuhi, safi. Tulikuwa na saa chache kabla ya mawingu ya alasiri.

Tulizima seva. Kila kitako cha diski nimekibandika karatasi yenye tarakimu nne za mwisho za nambari yake, kwa sababu ajali mbaya kuliko diski kufa ni kuchomoa iliyo hai ukiacha iliyokufa. Mpwa wangu alisoma karatasi, kisha lebo ya diski, kisha akaichomoa. Kebo mpya hapa pia. Tukawasha, na kwa amri moja ya zpool replace, tukitumia jina lenye nambari ya diski badala ya sdb, mgeni akaingia kazini.

ZFS huiita kazi hii resilver, neno la mafundi wa vioo: kupaka upya fedha nyuma ya kioo ili kiakisi tena. Nililipenda neno hilo siku nilipolijua, kwa sababu picha za Baba za nyeusi na nyeupe nazo ni fedha, chembe za madini yenyewe zilizotulia ndani ya utando wa filamu. Kazi ilichukua saa nne na dakika chache, maana ZFS hunakili data iliyopo tu na haipotezi muda kwenye nafasi tupu. Mama alishona, sisi tukatazama asilimia. Saa nane na nusu mchana: terabaiti 1.7 zimenakiliwa, makosa 0. Usiku nikaendesha scrub, ukaguzi unaosoma kila kipande pande zote mbili na kukilinganisha na alama yake ya uhakiki. Hakuna kilichopungua.

Diski ya zamani sikuiuza kwa wanaonunua vyuma. Ina sura za watu. Kuiandika sifuri hakutoshi kwenye sehemu zisizokubali tena kuandikwa, kwa hiyo tuliipeleka kwa fundi wa jua kali, akaitoboa sahani mashimo matatu tukiwa tumesimama hapo.

Tuliporudi nilitoa daftari la Baba. Filamu ya mwisho aliyoiandika ni namba 1,146, na baada yake kurasa nyingi hazina kitu. Kwenye ukurasa wa kwanza mtupu nina orodha yangu ya diski, kwa mistari ileile aliyoipiga yeye kwa rula. Mpwa wangu aliomba aandike. Akaandika nambari, tarehe ya kuingia, saa ilizofanya kazi hadi tulipoimaliza kuipima, 92, na mbele ya 199 akaandika 14, "kebo". Safu ya mwisho, ya tarehe ya kutoka, akaiacha wazi.